Humphry Davy na Madini Yaliyojificha Katika Majivu

Bwana Mhariri aliponiomba niandike maisha ya mtu mmoja mashuhuri kwa ajili ya gazeti letu la muhula huu, nadhani alitaraji kwamba nitamchagua mfalme au jemadari wa vita. Wafalme na majemadari wamekwisha andikwa sana. Mimi nimemchagua mtu aliyezaliwa katika nyumba ya fundi wa kuchonga mbao, ambaye hakujaliwa mtoto, na ambaye hakupata kukanyaga Afrika hata siku moja. Hata hivyo watoto wetu wana haja na jambo alilolivumbua, na umbu langu mdogo ni mmoja wa waliopona kwa sababu jambo hilo lilikuwa limekwisha julikana. Hebu nianze na kisa chake, kisha nitamgeukia mtu mwenyewe.

Nilikuwa na umri wa miaka 10, na umbu langu alikuwa na miaka 2. Nyumba yetu ilikuwa kijijini, si mbali na pwani, lakini kufika kituo cha afya kulikuwa mwendo wa saa tatu kwa baiskeli. Mtoto alishikwa na ugonjwa wa kuhara. Siku ya kwanza hatukujali sana. Siku ya pili macho yalididimia na midomo ikakauka. Baadhi ya wazee nyumbani walishauri kwamba anyimwe maji na chakula, kwa hoja kuwa kisipoingia kitu tumboni hakitatoka kitu. Ushauri huo ulitolewa kwa mapenzi, walakini ulikuwa wa makosa makubwa. Mimi ndiye niliyewekwa kumzuia asiuendee mtungi. Alinyosha mkono kuuelekea, nami nikamrudisha mkekani. Jambo hilo sijalisahau mpaka leo, na kwa kiasi fulani ndilo lililonifanya kuwa mwalimu wa kemia.

Siku ya nne shingo yake ilishindwa kubeba kichwa. Tumbo lilivimba, na miguu ikawa imelegea kama kitambaa kilicholowa. Hapo baba hakungoja shauri la mtu tena. Mama alimfunga mtoto kwa kanga, akapanda nyuma ya baiskeli, nami nikafuata kwa miguu pamoja na mjomba. Tulipofika jioni tuliwakuta wamekwisha pokelewa, na mtoto anatiwa maji kwa njia ya mshipa. Usiku ule macho yalirudi mahali pake, lakini mwili ulibaki umelegea. Baba alipouliza sababu, bwana mganga alimweleza kwa upole kwamba maji peke yake hayatoshi. Mtu anapohara hupoteza maji na chumvi za namna mbalimbali, na mojawapo ya chumvi hizo ni ya potasiamu, ambayo ikipungua sana misuli hukosa nguvu, na moyo wenyewe, nao ni msuli, huweza kusimama. Mtoto alipewa dawa ya chumvi hiyo kwa kipimo. Alipoweza kula, mama aliagizwa ampe uji, ndizi mbivu iliyopondwa na maji ya dafu, kidogo kidogo. Siku ya tatu alisimama akishikilia ukingo wa kitanda.

Neno potasiamu nilirudi nalo nyumbani kama mtu aokotaye kitu njiani asichojua matumizi yake. Miaka ilipita. Nilipokuwa Kidato cha Pili, mwalimu wetu alileta chupa yenye mafuta ya taa, na ndani ya mafuta mlikuwa na kipande cha kitu fulani. Alikikata kwa kisu bila taabu, tukaona ndani yake kinang'aa kama fedha, na mara kikafifia. Akaweka kipande kidogo, kiasi cha punje ya mtama, juu ya maji. Kilikimbia huku na huku kikilia, kikawaka ndimi za moto wa zambarau, kikapasuka, kikaisha. Alipotaja jina lake niliinuka kitini. Nilitaka kujua ni vipi kitu cha moto namna ile kikawa ndicho alichopungukiwa umbu langu, na ni nani aliyekivumbua. Mwalimu alinijibu swali la pili kwanza, akanitajia jina la Humphry Davy.

Humphry Davy alizaliwa tarehe 17 Desemba 1778 katika mji wa Penzance, jimbo la Cornwall, kwenye ncha ya kusini-magharibi ya Uingereza, mahali pa wavuvi na wachimba madini. Baba yake alikuwa stadi wa kuchonga nakshi za mbao, kazi ambayo sisi watu wa pwani tunaijua na kuiheshimu. Humphry alikuwa wa kwanza katika watoto watano. Shuleni hakuwa mwanafunzi wa kusifiwa. Alipenda kuvua samaki, kutunga mashairi, na kuwasimulia wenzake hadithi.

Mwaka 1794 baba yake alifariki akaacha madeni. Mama alifungua duka la kofia za wanawake ili kuwalisha watoto, na mwaka uliofuata Humphry aliwekwa uanagenzi kwa tabibu mmoja mjini Penzance aliyekuwa akipasua majeraha na kutengeneza dawa. Hapo kijana alizinduka. Alijiandikia ratiba ndefu ya masomo ambayo hakuna mwalimu aliyempa, tangu lugha mpaka hisabati na elimu ya viumbe. Alipofikia kemia alikisoma kitabu cha bingwa wa Ufaransa, Antoine Lavoisier, na kila alichokisoma alitaka kukijaribu kwa mikono yake. Vyombo hakuwa navyo. Alitumia vikombe, vyungu na mabomba ya kuvutia tumbaku, katika chumba kidogo juu ya dari la nyumba ya mzee aliyemlea, ambaye aliogopa kwamba siku moja nyumba yote italipuka. Vijana wetu wanaolalamika kwamba maabara yetu ina upungufu wa vyombo na wakumbuke dari hilo.

Mwaka 1798, hajatimiza miaka 20, alichukuliwa na Daktari Thomas Beddoes kwenda mji wa Bristol, katika nyumba ya uganga ambako wagonjwa wa kifua walijaribiwa kutibiwa kwa kuvuta gesi mbalimbali. Davy alizijaribu gesi hizo juu ya mwili wake mwenyewe. Moja ilikuwa ile iitwayo gesi ya kuchekesha, nayo ilimfurahisha. Nyingine ilikuwa ya sumu, na ilikaribia kumwua. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1800 alidokeza kwamba gesi ya kuchekesha, kwa kuwa inaondoa maumivu, yamkini ingefaa katika upasuaji. Hakuna aliyelitia maanani dokezo hilo kwa miaka mingi. Mganga wa meno wa kwanza kuitumia aliitumia mwaka 1844, na wakati huo Davy alikuwa amekwisha kufa. Ujasiri wake nausifu, lakini nawaonya wanafunzi wasiuige. Kuonja au kunusa kitu usichokijua si elimu.

Mwaka 1801 aliitwa London, katika jumba la elimu liitwalo Royal Institution, akiwa na umri wa miaka 22. Huko alitoa mihadhara juu ya kemia mbele ya umati wa watu, wanaume kwa wanawake. Alisema vizuri, alionyesha majaribio ya kushangaza, na sifa zake zilienea mji mzima. Magari ya farasi ya wasikilizaji yalijaa njia ya Albemarle hata ikabidi yaruhusiwe kwenda upande mmoja tu, jambo ambalo lilikuwa halijapata kufanywa katika njia nyingine yoyote ya London.

Sasa ndipo tunapofika kwenye majivu.

Tangu zamani watu wa mataifa mengi walijua kwamba majivu ya mimea yana nguvu. Katika sehemu nyingi za bara letu wazee walichoma mimea, wakamimina maji juu ya majivu, wakayachuja, na maji hayo wakayatumia kulainisha mboga au kuyakausha wapate chumvi. Ulaya nako walichuja majivu ya kuni na kuyachemsha vyunguni mpaka ukabaki unga mweupe, nao waliutumia kwa sabuni, vioo na baruti. Waarabu waliyaita majivu ya namna hii kwa jina la kali, na kutokana na jina hilo wataalamu wameiwekea potasiamu alama ya K. Magadi, kama yale ya Ziwa Natron, ni ndugu yake, na jina la natron ndilo lililoipa sodiamu alama yake ya Na. Basi vitu hivi vilikuwa mikononi mwa watu kwa maelfu ya miaka, lakini hakuna aliyejua vimefanywa na nini. Lavoisier alishuku kwamba baadhi ya vitu vya udongo vina madini yaliyofungamana na oksijeni. Kushuku na kuthibitisha ni mambo mawili.

Mwaka 1800 Alessandro Volta wa Italia alitangaza chombo chake cha kutoa umeme, yaani betri ya kwanza. Davy aliona kwamba ikiwa umeme unaweza kuyatenganisha maji, huenda ukatenganisha na vitu vingine vilivyoshikamana. Aliunda betri kubwa akaanza kuujaribu unga ule wa majivu. Kwanza aliuyeyusha majini. Akapata kushindwa, kwa maana umeme uliyatenganisha maji tu na kuuacha unga kama ulivyokuwa. Kisha alijaribu unga mkavu. Akashindwa tena, kwa kuwa ukiwa mkavu haupitishi umeme. Mwingine angaliacha. Davy alifikiri njia ya katikati. Mnamo tarehe 6 Oktoba 1807 alichukua donge dogo, akaliacha hewani kwa muda mfupi sana lipate unyevu kidogo tu juu yake, akaliweka juu ya kisahani cha platini kilichounganishwa na upande mmoja wa betri, akaligusa kwa waya kutoka upande wa pili.

Donge lilianza kuyeyuka. Chini yake yalitokea matone madogo yanayong'aa kama zebaki. Mengine yaliwaka papo hapo kwa mwanga mkali, mengine yalibaki yakafunikwa na utando mweupe. Binamu yake, Edmund Davy, aliyekuwa msaidizi wake, ameeleza kwamba Humphry alipoyaona matone yale hakuweza kujizuia. Alirukaruka na kucheza chumbani, na ulipita muda kabla hajatulia kuendelea na kazi. Alikuwa ameona madini ambayo hayajapata kuonwa na mwanadamu. Aliyaita potasiamu. Siku chache baadaye, kwa njia ileile, alitoa sodiamu. Mwaka uliofuata alitoa kalisi, magnesiamu na mengineyo. Kwa hiyo madini manne makubwa ya mwili wa binadamu, yaani potasiamu, sodiamu, kalisi na magnesiamu, yalipata kujulikana kwa mkono wa mtu mmoja katika muda usiotimia miaka miwili.

Alitoa habari yake mbele ya chama cha wanachuoni kiitwacho Royal Society mwezi wa Novemba 1807, na mara baada ya hapo akaanguka kwa ugonjwa mkali uliomlaza kwa majuma mengi. Watu wengi walifika mlangoni kuuliza hali yake. Wakati huo Uingereza na Ufaransa zilikuwa katika vita vikali, lakini Taasisi ya Ufaransa ilimtunza kwa kazi yake ya umeme ya mwaka uliotangulia. Wanachuoni wa nchi mbili zenye uadui walitambuana hata mizinga ilipokuwa ikilia.

Davy aliishi miaka 21 na zaidi baada ya uvumbuzi huo. Nitapita upesi katika miaka hiyo, ila katika mambo matatu. La kwanza ni kilimo. Kwa miaka kadhaa alitoa mihadhara juu ya kemia ya kilimo, akachunguza udongo, samadi na majivu ya mimea, na kitabu chake cha mwaka 1813 kilisomwa na wakulima kwa muda mrefu. Yeye ni miongoni mwa watu wa kwanza kumfundisha mkulima kwamba kilichomo ndani ya mmea kimetoka katika udongo na hewa, na kwamba udongo ukichoka mmea hudhoofika.

La pili ni taa. Mwaka 1812 gesi ililipuka katika shimo la makaa ya mawe huko Felling, kaskazini mwa Uingereza, wakafa watu 92, wanaume na wavulana. Mwaka 1815 Davy aliombwa msaada, na kwa miezi michache tu aliunda taa iliyozungukwa na wavu mwembamba wa waya, ambayo moto wake hauwezi kupita nje kuiwasha gesi. Fundi George Stephenson naye alibuni taa yake wakati uleule, ukazuka ugomvi nani wa kwanza. Lakini Davy alikataa kuitolea taa hiyo haki ya kuiuza peke yake. Angaliweza kupata mali nyingi, akaona bora wachimbaji waipate bila kizuizi.

La tatu si la kumsifu. Mwaka 1813 alimwajiri kijana maskini, mtoto wa mhunzi, jina lake Michael Faraday, aliyekuwa mwanagenzi wa kujalidi vitabu. Faraday alikuwa amehudhuria mihadhara yake, akaiandika yote kwa unadhifu na kumpelekea. Davy alimfungulia mlango, kama yeye mwenyewe alivyofunguliwa. Lakini Faraday alipokua na kuanza kumpita, mwalimu aliona wivu. Mwaka 1824, Faraday alipopendekezwa kuwa mwanachama wa Royal Society, Davy, aliyekuwa Rais wa chama hicho, alimpinga. Faraday alichaguliwa vilevile, na hakuacha kumheshimu mwalimu wake. Nimeliandika hili kwa sababu gazeti hili linasomwa na walimu pia, nami ni mmoja wao. Mwanafunzi akimpita mwalimu, hiyo ndiyo faida ya kazi yetu.

Humphry Davy alifariki mjini Geneva, Uswisi, tarehe 29 Mei 1829, akiwa na umri wa miaka 50, baada ya kupooza na kudhoofika. Alizikwa hukohuko. Penzance wamemsimamishia sanamu, nayo imeshika taa.

Alikufa bila kujua potasiamu inafanya kazi gani katika mwili wa mtoto. Wengine walikamilisha sehemu hiyo. Katika miaka ya 1880, Sydney Ringer, tabibu wa London, alionyesha kwamba moyo wa chura uliotolewa mwilini huendelea kupiga ukiwa ndani ya maji yenye chumvi za sodiamu, kalisi na potasiamu kwa vipimo vyake, na vipimo vikiharibika moyo huharibika. Baadhi ya maji ya mshipani yanayotumika hospitalini mpaka leo huitwa kwa jina lake.

Sasa nalijibu swali langu la Kidato cha Pili. Potasiamu iliyomo mwilini si ile ya kuwaka moto. Imekwisha ungana na vitu vingine, ni chumvi tulivu iliyoyeyuka majini, kama sodiamu katika chumvi ya mezani. Mwili umejengwa kwa chembe hai nyingi zisizohesabika, na katika kila sehemu 100 za potasiamu tuliyo nayo, 98 hivi zimo ndani ya chembe hizo. Sodiamu nyingi hukaa nje. Msukumano wa hawa ndugu wawili, mmoja ndani na mmoja nje, ndio unaowezesha mishipa ya fahamu kupeleka habari, misuli kujikaza na kujilegeza, na moyo kupiga kwa mwendo wake. Ndiyo maana shingo ya umbu langu ilianguka.

Mtoto hawezi kuitengeneza potasiamu, wala mwili wake hauna ghala kubwa la kuiweka akiba. Huipata katika chakula cha kila siku. Wataalamu wa Marekani waliotoa vipimo mwaka 2019 walikadiria miligramu 2,000 kwa siku kwa mtoto wa miaka 1 mpaka 3, na 2,300 kwa wa miaka 4 mpaka 8. Hesabu hii isimtishe mzazi. Ndizi mbivu moja ya kadiri ina miligramu 400 na kidogo. Gramu 100 za maharage yaliyopikwa zina kiasi cha 400. Kikombe cha maziwa kina kama 350, na nusu ya parachichi karibu 500. Kikombe cha maji ya dafu kina kama 600, na gramu 100 za mchicha uliopikwa hazipungukiwi na hizo. Viazi vitamu, muhogo, kunde, choroko, mapapai na samaki wote wana sehemu yao. Mtoto mchanga chini ya miezi 6 hana haja ya hivi vyote, maziwa ya mama yanamtosha. Vyakula hivi vyote vinapatikana katika masoko yetu na mashamba yetu.

Yako mambo mawili tunayoyapoteza kwa mikono yetu. La kwanza ni maji ya mboga. Kumbukeni wazee waliochuja majivu. Waliweza kupata chumvi kwa sababu chumvi ya potasiamu huyeyuka upesi katika maji. Basi mpishi anayechemsha mchicha au viazi vilivyokatwakatwa katika maji mengi, kisha akayamwaga, anafanya kazi ileile ya kuchuja, ila anatupa alichokipata. Pikeni kwa maji machache, na yanayobaki yawe mchuzi. La pili ni unga. Mahindi yakikobolewa sana, kiini na pumba huondoka pamoja na sehemu kubwa ya potasiamu. Dona si chakula cha umaskini, na yeyote anayemcheka mwenzake kwa kula dona amecheka asichokijua.

Naongeza onyo. Vidonge vya potasiamu si vya kununua dukani na kumpa mtoto kwa kubahatisha. Ikizidi katika damu nayo huweza kuusimamisha moyo, na mtoto mwenye ugonjwa wa figo hana budi kufuata maagizo ya daktari hata katika chakula. Mtoto mzima anayekula vyakula nilivyovitaja hana hatari hiyo, kwa sababu figo zake huitoa ya ziada.

Vijana wetu, muhula unakwisha na mnakwenda likizo. Wengi wenu mtaachiwa wadogo zenu wakati wazazi wako shamba au kazini, kama mimi nilivyoachiwa. Mdogo wako akihara, usimnyime maji. Mchanganyie pakiti ya dawa ya maji ya chumvi na sukari katika lita moja ya maji safi, kama ilivyoandikwa juu ya pakiti, umnyweshe kwa kijiko kidogo kidogo. Katika pakiti hiyo mna gramu 1.5 za chumvi ya potasiamu. Kama bado ananyonya, aendelee kunyonya. Kama anakula, apewe uji, ndizi na maharage yaliyopondwa. Akilegea, akishindwa kunywa, macho yakididimia, au ukiona damu katika choo, usingoje siku ya nne. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Hata kama hali si mbaya, apelekwe zahanati apewe na vidonge vya zinki.

Na wazee wetu mnaosoma gazeti hili, mkiona mtoto anashauri tofauti na mlivyozoea, msimwone mkosefu wa adabu. Huenda amelisoma hapa.

Umbu langu sasa ni mama wa watoto watatu. Hakumbuki chochote cha siku zile, wala mtungi. Nilipomweleza habari za Humphry Davy na betri yake, alisikiliza kwa heshima hadi mwisho, kisha akaniuliza kama mtu huyo alikuwa na watoto. Nikamwambia hakuwa nao. Alinyamaza kidogo, akainuka kwenda kuwamenyea wanawe ndizi.